Seva Niliyoichagua kwa Macho

Miaka ile ya soko huria, shule ziliporuhusiwa kujichagulia vitabu, dada yangu mwalimu aliamua kuandika chake cha hesabu za darasa la saba. Alikichapa miaka miwili na kukihifadhi kwenye disketi, na mchapishaji alikuwa anakisubiri. Lakini disketi zilianza kugoma kusomeka. Mimi, fundi wa kujifundisha mwenyewe na mwenye maneno mengi, nikamwahidi seva ya Linux, kompyuta ya kuwaka usiku na mchana na kumtunzia kazi yake, palepale nyumbani Kariakoo. Nikautangazia mtaa mzima.

Kompyuta nilienda kuitafuta katikati ya jiji, dukani kwa mzee mmoja wa Kihindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ya kufanyia nini?"

Nilipomweleza, alinionyesha kompyuta kuukuu ya ofisi, plastiki yake imegeuka njano. Akaniambia niinyanyue. Ilikuwa nzito hasa. Kisha akaninyanyulisha nyingine mpya, nyeusi, yenye taa ya bluu, bei ileile. Hiyo ilikuwa nyepesi kama debe tupu.

"Pawa saplai yake, hiki kisanduku cha kupokea umeme, haina kitu ndani," alisema. "Seva haizimwi, kijana. Hii ya njano ni ya polepole, lakini itavumilia umeme wetu."

Nilijua anasema kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Ila niliwaza mkokoteni ukipita mtaani kwetu na lile likorokoro la njano, na wale wa barazani wakiniuliza, "Oya fundi, umeliokota wapi?" Nikachukua nyeusi.

Nilipomaliza kukihamishia kitabu kwenye diski ya ile nyeusi, nilizifuta disketi zile zile ili nizitumie kuwekea Linux. Dada aliuliza kama nina uhakika.

"Dada, hii haifi," nikamjibu.

Wiki ya tatu, asubuhi, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo. Redio yetu ilinusurika, friji pia. Ile nyeusi ikatoa moshi na kuondoka na diski yake, pamoja na kitabu. Nilipoifungua nikakuta pawa saplai imebabuka, nyaya zake nyembamba mno. Yule mzee aliijua kwa kuinyanyua tu. Niliona aibu hata peke yangu chumbani.

Dada aliporudi kutoka shuleni nilimwambia ni umeme. Alikaa kitandani.

"Ni mimi," alisema. "Asubuhi nilichomeka pasi. Nisamehe, mdogo wangu, umehangaika bure kwa ajili yangu."

Ile pawa saplai ilikuwa bado mkononi mwangu. Ningeweza kumwonyesha. Badala yake nikamwambia asijali, nimeshamsamehe.

Kitabu hakukiandika tena. Na mpaka leo, kabla ya kupiga pasi, hupita chumba kwa chumba akiuliza kama kuna kompyuta inayowaka, nami humjibu kwamba hakuna.