Kiswahili cha Jumapili

Kasiva binti Kamene ni mwalimu wa chuo kikuu, ila ukimkuta Jumamosi pale soko la Kariobangi, kando ya banda la mama yake, utadhani ni muuza mboga kama wengine, isipokuwa mikono yake ni mizito kwenye kazi ile. Alizaliwa nyuma ya soko hilo hilo. Shule ilimchukua ikampeleka mbali, lakini haikumhamisha. Amepanga nyumba hatua chache kutoka kwa mama yake, na akina mama wa soko bado humwita mtoto wetu.

Mwaka jana chuo chake kilitangaza nafasi za utafiti kwa walimu. Anayepata anaachiwa mwaka mzima bila kufundisha wala kusahihisha mitihani, mradi utafiti wake aufanye kwa kompyuta. Watu wa hesabu na wa sayansi walijitokeza wengi. Upande wa lugha alijitokeza Kasiva peke yake, wenzake wakamtania kwamba anahama ukoo. Akapewa nafasi, na akapewa mwenzi wa kazi, Munene, mwalimu wa kompyuta, mtu mpole asiyependa kugombana hata na mlango uliokwama.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watu wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, husema kila mtaa una Sheng yake, ile lugha ya mitaani, kwamba mtu akifungua kinywa tu unajua huyu ni wa Kariobangi, yule ni wa Pipeline. Kasiva alitaka kujua kama ni kweli au ni maringo ya mitaa tu. Angerekodi maongezi, ayaandike neno kwa neno, kisha mashine ya Munene iyasome ijifunze. Baadaye ingepewa maongezi mageni iseme ni ya wapi.

Pipeline alikwenda kama mtu wa kuja. Alikaa na akina mama waliopanga mitungi wakingojea maji, chini ya maghorofa yale yaliyobanana mpaka jua linakosa pa kupita. Walimruhusu arekodi, kisha wakamsahau, wakaendelea kugombania foleni. Kariobangi alikwenda kwao. Alirekodi chama cha akiba cha mama yake, ambacho mwenyekiti wake ni Teresiah, muuza viazi.

Mashine ilipojaribiwa, karibu haikukosea kabisa. Munene aliitazama akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena.

"Daktari, sijawahi kuona kitu kama hiki," akasema.

Kamati ya chuo ilikuwa karibu kukaa kuamua nani aongezewe mwaka wa pili. Bila mwaka huo kazi ingekatikia njiani, na Kasiva angerudi kwenye madarasa yaliyojaa wanafunzi hadi madirishani. Kwa matokeo yale, hakuwa na wasiwasi.

Jumamosi moja kabla ya kikao, alikuwa sokoni wakati mwenye mkokoteni alipoligonga gunia la Teresiah, viazi vikatapakaa. Mama yule mzima, shemasi wa kanisa, alimshushia kijana wa watu Sheng kavu, neno juu ya neno, mpaka mwenye mkokoteni akainama mwenyewe kuokota.

Kasiva akasikiliza, kisha akamsogelea.

"Anti, maneno hayo mbona siku ile ya kurekodi hukuyasema hata moja?"

Teresiah akacheka akishika kiuno. "Ngai! Nikuaibishe? Tulikaa kikao bila wewe. Tukasema mtoto wetu anapeleka sauti zetu chuo kikuu, maprofesa watasikiza. Atakayetoa neno la mtaani, faini."

"Faini?"

"Mama Eve alitozwa," Kamene, mama yake Kasiva, akasema bila kuinua macho kutoka kwenye sukuma wiki aliyokuwa akikata. "Alisema 'mathe' badala ya 'mama' mara moja tu, maskini."

Kasiva akaketi juu ya gunia. Sasa aliona wazi. Mashine haikutenganisha Kariobangi na Pipeline. Ilitenganisha watu wanaompenda na watu wasiomjua.

Alipomweleza Munene, Munene alifunga kompyuta yake.

"Hakuna mtu katika kamati atakayeligundua hili," akasema.

"Najua."

"Nimesema tu, ili tuwe tumelisema."

Hawakulijadili tena. Mbele ya kamati Kasiva alieleza kila kitu, hata faini. Mjumbe mmoja alicheka mpaka akaomba radhi. Mwenyekiti, Profesa Masinde, hakucheka.

"Una mpaka mwisho wa muhula," akasema. "Rudi Kariobangi. Ukikosa sauti za kweli, nafasi itakwenda kwa mwingine."

"Profesa, mimi nikifika tu, wanavaa Kiswahili cha Jumapili."

"Basi usiende wewe."

Akaenda Munene. Aliwaambia akina mama kwamba anatoka chuo kikuu na angependa kurekodi wanavyoongea, wakakubali. Mtoto wa nani, rafiki wa nani, hawakuuliza, na yeye hakusema. Alinunua viazi, akakalia kreti, akatulia. Alirudi na sauti za alasiri kadhaa, akamkabidhi Kasiva bila kumtazama usoni.

"Utaziandika wewe," akasema. "Mimi naona haya."

Kasiva aliziandika zote. Mahali pamoja alisimamisha sauti, akainuka, akachemsha chai, akainywa yote. Akarudi akaandika hapo pia.

Safari hii mashine ilikosea, tena mara nyingi. Ilichanganya Kariobangi na Pipeline kama wachanganyavyo watu wenyewe, ingawa ilipatia kuliko mtu wa kubahatisha. Masinde alisoma ripoti, akasema anataka kusikia kwa masikio yake, akachagua sauti mwenyewe. Ukumbi ukajaa kelele za soko, na juu yake Teresiah.

"We jamaa mpole, umeoa ama unahanya tu?"

"Bado sijaoa, Mama."

"Sasa skia. Tuko na manzi yetu hapa, mwalimu kama wewe. Fiti kabisa. Ni vile amekauka na vitabu, hata sukuma hajui kukata. Lakini roho yake iko poa. Si ukuje umchukue, buda, kabla hajazeekea huko?"

Vicheko vya soko zima vikafuata. Masinde akaizima sauti. Wajumbe wakamtazama Munene, kisha Kasiva, aliyekuwa ameinamia karatasi zake.

"Hizi ni sauti za kweli," Masinde akasema. "Bwana Munene alijibu nini?"

"Mstari unaofuata, Profesa," Kasiva akasema. "Alisema atamuuliza mwenyewe."

"Na ameuliza?" akadakia yule mjumbe wa kucheka.

"Hilo halimo kwenye utafiti," Kasiva akajibu.

Mwaka wa pili wakapewa kwa kauli moja. Kazi iliyobaki ilikuwa kwenda Kariobangi kumweleza Teresiah yule jamaa mpole ni nani, na Kasiva aliona ni heri waende wote wawili.