Funguo za Duka la Chai

Mzee Mchina mwenye duka la chai kule ughaibuni, mtaa wa International City, alikuwa na vidole vyembamba, na kila asubuhi aliandika neno moja sakafuni kwa brashi na maji. "Uadilifu," alimweleza Joweria, mhudumu wake Mganda. "Zamani kwetu, mfalme akiupoteza, mbingu humpa mwingine ufalme." Siku moja birika la kale lilipotea, akamwita Joweria mwizi mbele ya wateja. Mara mkewe akatoka nalo stoo. "Nimekosa," mzee akasema kwa sauti ndogo. Akamwinamia Joweria, akamtia funguo za duka mkononi, akachukua ufagio. "Leo bosi ni wewe, madam." Joweria, machozi hayajamkauka, aliduwaa. Mteja alipouliza bei, mzee alimwelekeza kwa Joweria, akaendelea kufagia.