Kanyaga, Achia

Mume wangu wanamwita Sikio, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Walimpa madereva, enzi zile magari yote yana kabureta. Alikuwa na bisibisi moja ndefu ya mpini wa mbao. Ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anauegemeza sikioni, anafumba macho na kuisikiliza. Sasa ndani ya gari lazima akae mtu wa kukanyaga mafuta, na mtu huyo nilikuwa mimi, bi arusi wa juzi, niliyedhani nimeolewa nikatulie.

"Kanyaga!" anapiga kelele kutoka kwenye boneti. Nakanyaga. "Achia!" Naachia. "Kanyaga tena! We mwanamke, unakanyaga utadhani unaua siafu!"

"Njoo ukanyage mwenyewe, basi!" Sikuwa mtu wa kunyamaza, mimi.

Wateja wamekaa juu ya matairi mabovu, wanacheka mbavu hawana. Loo, siku zile! Ua zima lilinuka petroli, nguo kwenye kamba zilinuka petroli, hata chai ilinuka petroli, na mimi nikilalamika tangu asubuhi hadi jioni. Leo nikipita mahali nikakutana na harufu ile, nasimama kwanza. Naikumbuka mpaka roho inauma.

Kisha yakaja magari ya kompyuta. Unafungua boneti huoni cha kukaza wala cha kulegeza, kuna kisanduku tu kimejificha pembeni, na chenyewe ndicho kinachoamua kila kitu. Wateja wakapukutika. Karakana ya barabarani tukaifunga, akabaki kutengeneza vigari vya majirani uani nyumbani, amenuna. Mpaka binti yetu alipomwachia baba yake laptopu yake kuukuu. Mzee wa watu akaivamia! Meza ya chakula ikawa karakana, sisi tukala na sahani mapajani.

Alinieleza mwenyewe, maana lazima akielewa kitu anieleze. Anachomeka waya chini ya usukani, anasoma yaliyomo kwenye kompyuta ya gari. Yale ya kiwandani anayahifadhi kwanza pembeni, "ili tukipotea tuwe na pa kurudi." Ndipo anabadilisha: mafuta yaingie kiasi gani, cheche iwake mapema kiasi gani. Cheche ikiwahi kidogo, gari linapata nguvu. Ikiwahi mno, injini inaanza kugonga, na ikigonga sana, imekufa.

Basi furaha ikarudi nyumbani. Mluzi ukarudi. Kitu kimoja tu nilikiona na sikukitilia maanani: ile bisibisi ilitundikwa msumarini na haikushuka tena. Na nikimwita naita mpaka nachoka. "Sikio la kufa halisikii dawa," namtania, naye anacheka.

Siku moja akaja dereva wa teksi. Gari lake ni moja tu, na watoto wake wote wanakula humo. Alitaka lipande milima na abiria bila kuhema. "Lete kesho," Sikio akamwambia. Lakini ana desturi yake: hamlishi mtu dawa ambayo hajaionja mwenyewe. Pikapu yetu ina injini kama ya ile teksi, kwa hiyo alasiri ile ile akaibadilisha pikapu kwanza, tukatoka kuijaribu. Yeye usukani, mimi laptopu mapajani.

Tukaushika mlima. Jamani, pikapu ilipanda! Mimi macho dirishani, kwa sababu tulikuwa tunapita pale ilipokuwa karakana yetu, na sasa wanauza mapazia. Nikawa natafuta kwa macho ule ukuta tuliokuwa tunaegemeza matairi. Ndipo nikasikia, trrrr, kama changarawe ndani ya kopo.

Mlio ule naujua kama sauti ya mama yangu. Zamani ukianza tu, kabla mwingine yeyote hajausikia, Sikio anainua kichwa: "Achia!" Basi nikasubiri aachie. Haachii. Nikageuka. Anapiga mluzi, uso umemkunjuka kama mtoto, na mguu anazidi kuukandamiza.

Nikamshika goti kwa nguvu. "Achia!"

Akaachia. Mlio ukakatika. Akaegesha pembeni, akaniuliza bila kunitazama.

"Inagonga?"

"Inagonga, tena vibaya."

Akajigusa sikio. "La kulia limekwisha kabisa. La kushoto linasikia likitaka."

"Na magari ya watu unayatengenezaje?"

"Kompyuta inanionyesha mengi. Mengine nayaona kwako. Injini ikiwa na kasoro, hata uwe jikoni, unakunja uso. Leo ulitazama dirishani."

Kumbe! Siku zote nilizomkuta ananikodolea macho, nikajivuna kwamba bado nalipa, bado mrembo, mwenzangu anasikiliza injini! Nilicheka, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia, tena kwa sauti.

"Si ungeniambia, baba watoto?"

"Nikuambie, halafu watu waniite nani?" Akaugeukia usukani. "Yule wa teksi nitamwambia asije."

"Thubutu!" nikamwambia. "Hebu rudisha hiyo cheche nyuma."

Akairudisha kidogo, tukashuka, tukaupanda mlima tena. Ikagonga, nikamfinya goti. Akairudisha kidogo tena. Tukapanda na kushuka hivyo mpaka mlio ukaisha na nguvu ikabaki, na goti lake, nadhani, likavimba.

Kesho yake teksi ikaja. Sikio akaibadilisha, akakaa kwenye usukani, mimi nikaingia kando yake na laptopu. Mwenye gari akabaki amesimama, kashika mlango wa nyuma.

"Mzee, na mama naye tunampeleka wapi?"

Nikafungua mdomo nimsitiri mume wangu, uongo ulikuwa tayari ulimini. Akaniwahi.

"Masikio yangu yamekufa, mwanangu. Anayesikiliza ni huyu. Kama huna imani, chukua gari lako, hatutagombana."

Sijawahi kumwona anasema neno zito namna ile. Yule kijana akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaingia nyuma kama abiria ndani ya gari lake mwenyewe.

"Haya, mama," akasema. "Sikiliza vizuri."

Tulipofika chini ya mlima Sikio akapunguza mwendo. Macho yake yalikuwa usoni kwangu, yanangoja. Nikamwambia atazame barabara. Kisha nikamsogelea kwenye lile sikio la kushoto, nikapiga kelele kama nilivyokuwa nikipigiwa mimi:

"Kanyaga!"

Akakanyaga.