Daktari Msumeno na Mguu Uliobaki

Daktari Leander Mabry alirudi Tarver, mji wake mdogo wa Georgia, Marekani, akiwa na mikono yote na miguu yote, na hilo watu hawakumsamehe. Kwa miaka minne alikuwa tabibu wa jeshi la Kusini, jeshi lililopigana ili watu weusi waendelee kumilikiwa kama mifugo, likachapwa, na bado likarudi nyumbani likijisifu. Kazi yake vitani ilikuwa moja tu, kukata. Mlango uliong'olewa nyumba ya mtu ndio ulikuwa meza. Msumeno unapita, mwingine aletwe. Nusu ya wanaume wa Tarver walilazwa juu ya mlango ule. Wakambandika jina la Msumeno.

Amani ilipokuja akatundika kibao chake, na hakuna aliyebisha hodi. Mwenye jino bovu alijing'olea kwa koleo. Wajawazito wakimwona walivuka barabara. Mabry alishinda kibarazani akila mkate wa mahindi na kumsimulia farasi wake habari za siasa.

Hollis Tarpley alikuwa amekatwa naye mguu wa kushoto, na Ransom Stancil wa kulia. Bahati ikawa nyayo zilizobaki zilikuwa saizi moja, basi wakawa wananunua jozi moja ya viatu na kugawana. Jumapili walikaa benchi moja kanisani, jozi ikawa kamili.

Asubuhi moja Hollis alikuwa anachanja kuni, shoka likamponyoka na kutua kwenye mguu wake wa pekee. Ransom akamleta kwa Mabry kwa mkokoteni wa punda.

"Msumeno usiuguse," Ransom alisema hata kabla ya salamu. "Ukimkata huyu, mimi viatu nitagawana na nani?"

"Hebu nyamaza. Mguu ni wangu," Hollis akaguna.

"Lakini viatu ni vyetu."

Jeraha lilikuwa limefika mfupani. Vitani Mabry asingejiuliza mara mbili, na sasa mkono wake ulikuwa tayari umeshaingia kwenye mkoba wa msumeno. Hollis akauona.

"Daktari, huu ukienda nitatambaa mpaka nife. Nakuomba."

Mkono ukatoka mtupu. Mabry alikumbuka jinsi meli za Kaskazini zilivyofunga bandari, nyuzi za hariri zikaisha, wakawa wanashona majeraha kwa singa za mkia wa farasi, zikiwa zimechemshwa ili zilainike. Majeraha yale yalipona vizuri kuliko ya hariri, na hakuna aliyejua kwa nini. Vita vilipoisha akanunua tena hariri, kwa maringo tu.

"Ransom, nenda kakate singa kwenye mkia wa farasi wangu."

"Mkia?"

"Mkia. Na wewe Hollis, kunywa hiyo wiski yote."

"Hapo hunishauri mara mbili."

Akachemsha, akashona, akafunga, akamlaza humo humo nyumbani kwake. Kila asubuhi alikwenda kukinusa kidonda, roho juu, maana kikioza ni msumeno tena. Hakikuoza.

Pamba ilipokwisha kuvunwa, Hollis alivaa kiatu chake, akashika magongo, akatoka mlangoni. Mabry alimfuata hadi kibarazani huku machozi yakimtiririka, wala hakuyaficha. Vita vizima wagonjwa wake waliondoka wamebebwa, wengine kwenda makwao, wengine kwenda kuzikwa. Hakuwahi kumwona hata mmoja akikanyaga chini kwa mguu alioutibu yeye.

Hollis akageuka. "Unatazama nini, Daktari?"

"Tembea," Mabry akasema. "Wewe tembea tu."