Moshi Usiomliza Mtu

Mwaka wenyewe ni ule wa michembe. Asubuhi michembe, mchana michembe, jioni bibi anaiponda na karanga na kutuambia hicho ni chakula kingine. Kama hukulelewa Usukumani, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama vigae. Mahindi yalikauka shambani yakiwa yamefika magotini, mtama tukaula hadi wa mbegu, tukabaki na viazi vya mwaka uliopita. Mtu wa rika langu kule upande wa Geita hana haja ya cheti cha kuzaliwa. Atakwambia, "Mwaka wa michembe nilikuwa naota meno ya pili." Ndiyo mimi huyo. Na meno yangu ni imara mpaka leo, njoo uyaone.

Nimeukumbuka mwaka ule juzi, tena kwa kelele. Nilikuwa naosha sufuria hapa Mwakitolyo, ndiko nilikoolewa na ndiko nitakakozikwa, likapita gari la matangazo. Kipaza sauti kinasema ni marufuku kuchoma dhahabu ndani ya nyumba, iwe jikoni, iwe chumbani, popote watu wanapokula na kulala. Makarasha, zile mashine za kusaga mawe, yahamishwe mbali na makazi, na vumbi lake limwagiwe maji. Dhahabu ikachomewe bandani, kule mwaloni inakooshewa, kwenye chungu chenye mfuniko. Atakayekaidi atatozwa faini.

Sufuria niliitupa. Nikatoka mbio na mapovu mikononi, nikalikimbilia gari barabarani.

"Rudia! Hapo pa jikoni, rudia!"

"Bibi, hukusikia?" dereva akauliza.

"Nimesikia vizuri. Nataka nisikie tena!"

Akacheka, akarudia. Mke wa mwanangu alisimama mlangoni akidhani nimepandisha mashetani. Mashetani gani! Tangazo lile bibi yangu alilitoa kabla gari lile halijaundwa, na hakuwa na kipaza sauti. Alikuwa na mwiko.

Ngoja nikupeleke jikoni kwake, rafiki yangu, uingie mwenyewe. Inama, mlango ni mfupi. Kibanda cha udongo, paa la nyasi, mafiga katikati. Juu ya mafiga kuna dari ya fito, na juu ya dari ndiko ilikokaa mali yake yote: michembe kwenye vikapu, majani ya kunde yaliyokaushwa, vibuyu vya mbegu. Kazi yangu ilikuwa kupanda juu na kuishusha michembe ya siku, na kuokota kuni korongoni. Kuni zikikosekana, tulipikia mavi makavu ya ng'ombe. Moshi wake, wee! Unaingia machoni kama pilipili. Tulipika tunalia, kamasi zinatuchuruzika, na bado tunacheka. Macho ya bibi yalikuwa mekundu mwaka mzima.

Usidhani nausifu. Moshi ule nao ni adui, umetukohoza wanawake wengi. Leo napikia gesi, mtungi alioniletea binti yangu, na kurudi kwenye mafiga mtanirudisha mkiwa mmenifunga kamba. Ila moshi wa bibi ulikuwa na jambo moja: ulikuwa unabisha hodi. Ukiingia, unajua umeingia. Unalia, unatoka nje, unapumua.

Basi katikati ya njaa ile, dhahabu ikaonekana ng'ambo ya korongo letu. Ee, jamani! Kijiji kilichokuwa kinasikiliza kuku wake tu kiliamka na redio za betri, wauza maandazi, vijana wa kila kabila, viatu vya rangi ambazo sikujua kama zipo. Maduara, yale mashimo ya wachimbaji, yalifumuka kama mashimo ya panya. Mchana kutwa wanawake walitwanga mawe kwenye vinu vya chuma, ko, ko, ko, na vumbi lake jeupe likatua kwenye nyusi zetu. Sisi watoto tulifurahi! Tulijiona tuko mjini.

Dhahabu yenyewe walikuwa wanaipata hivi. Jiwe likishasagwa na kuoshwa, mchanga wake unachanganywa na zebaki, ile dawa nyeupe inayokimbia kama maji lakini hailowanishi. Zebaki inaikamata dhahabu. Ukikamua kwenye kitambaa unabaki na donge jeupe, dogo kama punje ya dengu. Donge hilo ukilichoma, weupe unapaa na unjano unabaki. Nani akachome uwanjani watu waone amepata nini? Wezi wapo, wenye duara wapo, ndugu wenye shida wapo. Kwa hiyo wakawa wanatafuta jiko la mwanamke, lenye moto tayari na mlango wa kufunga. Mwenye jiko analipwa chakula.

Jirani yetu alikuwa wa kwanza kuwafungulia. Mama mmoja mcheshi, mwenye vidole vyepesi kuliko wote kijijini. Yeye ndiye aliyekuwa anatusuka nywele watoto wa kike wote, na mistari yake ilikuwa imenyooka kama matuta. Kuanzia hapo kwake kukawa kunapikwa wali. Wali, mwaka wa michembe! Harufu ilivuka ua ikaja kutukalia kooni.

Siku moja mchimbaji mmoja akaja kwetu na kikapu. Ndani ana mchele na sukari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umepotea?"

"Sijapotea. Nimefuata moto."

"Moto upo. Unapika nini?"

Kijana akafungua kitambaa, akamwonyesha lile donge. Bibi aliuchota mchele, akaunusa, akaumimina taratibu kikapuni kupitia vidole. Mimi nyuma yake mate yalishanijaa. Halafu akamrudishia kikapu chake, akauokota mwiko.

"Hapa panapikwa chakula," akasema. "Dhahabu yako ina kwao, ipeleke. Jikoni kwangu haiingii, hata ije na ng'ombe nyuma yake."

"Bibi, moshi wake hata haunuki!"

"Ndiyo shida yake. Wangu unaniliza, natoka nje. Huo wako unaingia kwa adabu, unakaa, na mimi nabaki nao ndani nacheka. Simwamini mgeni asiyebisha hodi. Toka naye."

Nililia, rafiki yangu. Nililia bila moshi. Jirani aliyasikia yote, akaegemea ua.

"Mayu," akaita, maana kwa Kisukuma ndivyo tunavyomwita mama, "macho yote hayo mekundu kwa moshi wa bure! Wangu unaniletea mchele."

"Ule ushibe, mwanangu," bibi akamjibu. "Ukishiba sana, njoo huku nikulize kidogo."

Walicheka wote wawili mpaka wakashika mbavu. Hawakuwa na ugomvi. Jirani alinipa ukoko wa wali kila nilipokwenda kusukwa, na bibi hakunikataza kuula. Alichokataza ni kuingia jikoni mule. "Kaulie nje," alikuwa anasema. "Hata mvua ikinyesha, kaulie nje."

Watu walimsema sana. Wengine walisema ni wivu, wengine wakatazama yale macho mekundu na kunong'ona mambo ambayo kwetu yakinong'onwa juu ya mwanamke mzee anaweza kuuawa. Yeye alipita katikati yao na ndoo yake kichwani, shingo imenyooka. Kiburi hiki unachokiona kwangu sikukiokota njiani.

Michembe ikaisha, mvua ikanyesha, mahindi yakarudi. Dhahabu ikaendelea kuchomwa kwa jirani, misimu kwa misimu. Mimi sasa nilikuwa binti mwenye maziwa kifuani. Siku moja nikakaa miguuni pake anisuke. Chanuo kikaanguka. Akakiokota, kikaanguka tena. Akaushika mstari, ukapinda. Vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe kama vya mtu anayesikia ngoma ya mbali. "Leo nimechoka tu," akaniambia. Hakuwahi kunisuka tena. Alizunguka kwa waganga, wakamchanja chale. Baadaye hata kikombe kilimwagika kabla hakijafika mdomoni. Ndipo bibi akawa anamwita jikoni kwetu, anampondea michembe na karanga kama zamani, anamshikia kikombe.

"Nimekuja unilize, mayu," alikuwa anasema, akiwa ameukodolea moshi.

"Lia tu, mwanangu. Huu ukikuliza unapita."

Hatukujua. Naapa hatukujua. Bibi naye hakujua, usije ukamfanya daktari. Yeye alikuwa na jiko lake tu na alilipenda.

Ila juzi nimejua! Baada ya lile tangazo, afisa mazingira alituita mwaloni, wanawake tukae mbele. Akalitia donge kwenye chungu cha chuma, akakaza mfuniko. Mfuniko una bomba lililopinda mpaka kwenye ndoo ya maji. Akawasha moto chini. Tukangoja. Mara ndani ya maji, tii, tii, matone meupe yakaanza kudondoka, yanang'aa, yanakimbizana chini ya ndoo. Zebaki imerudi! Ile iliyokuwa inapaa, ile tuliyodhani imekwisha, kumbe haikuwahi kwisha. Ilikuwa inaenda darini. Kwenye michembe, kwenye nyasi za paa, kwenye kifua cha jirani yetu aliyekuwa anaipulizia moto huku akicheka.

"Inaingia kwenye mishipa," afisa akasema. "Mikono inaanza kutetemeka."

Nikasimama, kanga ikaniponyoka. "Bibi yangu alikataa!" nikapiga kelele. "Alikataa mwaka wa michembe!" Watu wakapiga makofi bila kujua wanampigia nani. Mimi nilijua.

Leo kule kwetu huwezi kuonyesha hata jiko lilipokuwa. Korongo tulikookota kuni limekuwa shimo, na kilima cha ng'ambo yake kimesagwa kikaisha. Jirani amelala, bibi amelala. Michembe yenyewe nimeiona sokoni Kalangalala imefungwa kwenye mifuko ya plastiki, safi, haina hata harufu ya moshi. Nikaitafuna palepale nimesimama. Haikuwa yenyewe. Kilichobaki kwangu ni ule mwiko, umelika upande mmoja, na bado nausongea ugali.

Na jana nilikuwa naugeuza ugali ndipo mwanangu akaingia, vumbi mpaka kwenye kope. Duara lake lilikuwa limemnyima kitu tangu mvua za kwanza. Mjukuu wangu yuko mkekani karibu na jiko, anakunywa uji na kujipaka nusu yake. Mwanangu akasukuma mlango ukafungika. Akafungua kitambaa. Donge jeupe, kubwa, sijawahi kuliona kama hilo mkononi mwake.

"Mama, mara moja tu. Mwaloni kuna foleni, na pale bandani kila mtu atajua nimepata nini. Wewe mwenyewe unajua watu wa hapa."

"Nawajua."

"Ni dakika tu. Haina hata harufu."

Nikamtazama mtoto mkekani, vidole vyake vinene vimeshika kikombe, vimetulia.

"Nitakununulia ng'ombe, Mama. Mwenye ndama. Nitamleta mpaka hapo mlangoni."

Rafiki yangu, moyo ulinipiga kama ngoma ya harusi. Nilimsikia bibi akijikohoza nyuma yangu. Nikamfungulia mlango mwanangu, nikauinua mwiko, ugali unadondoka.

"Hapa panapikwa chakula. Dhahabu yako ina kwao, ipeleke. Jikoni kwangu haiingii, hata ije na ng'ombe nyuma yake."