Tela Iliyong'oa Mpaka

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, ingawa nikisema naikumbuka naogopa kidogo, maana kila ninapoisimulia hutoka na sura nyingine. Mke wangu anasema ilikuwa kiangazi. Mimi miguuni naona matope. Basi ipokee hivyo hivyo, na pale nitakapokuwa sina hakika nitakwambia, usije ukamnukuu mzee kwa jambo ambalo mzee mwenyewe halijui.

Ilikuwa miaka ya themanini kuelekea mwisho. Nilikuwa kijana, fundi wa pale Kanoni. Nilitengeneza vitanda, milango, matoroli ya kubebea ndizi, na jeneza inapobidi. Shule yangu ni darasa la saba tu, lakini watu walinisifu kwamba nina jicho, nami sifa zikaniingia kama pombe ya ndizi, polepole, mpaka unaposimama ndipo unajua.

Akaja mtaalamu wa miti kutoka Moshi, jina lake Bwana Temu. Mradi wake ulimpa kigari kidogo cha ajabu. Hakina paa wala milango, kina viti viwili tu ubavu kwa ubavu, na matairi yamevimba kama yamekula maharage. Watu wetu wakakiita Kikere, yaani chura, kwa jinsi kilivyorukaruka kwenye mawe. Kilipanda kilima ambacho hata mbuzi hufikiria kwanza.

Bwana Temu alikuwa na shida moja. Vitalu vyake vya miti vilikuwa mbali, huko kwenye vilima vya kuelekea Kituntu, na kazi ikimkuta jioni ilibidi alale kwa watu. "Fundi," aliniambia, "nikifika tu, kuku anachinjwa na watoto wanahamishwa kitandani. Wananiheshimu mpaka naona aibu. Nitengenezee tela ya kukokotwa na hiki kigari. Iwe na kitanda, turubai la juu, mahali pa jiko na pa dumu la maji. Ipite popote kigari kinapopita."

Angalia neno hilo la mwisho, mwanangu. Mimi sikuliangalia.

Sikuwa nimewahi kuona tela ya namna hiyo hata kwenye picha. Nikapata ekseli ya Landrova iliyokufa, na springi zake mbili bado zina uhai. Chuma cha pembe nikakifunga kwa bolti, na palipotaka kuchomelewa nikapeleka mjini Kayanga kwenye jenereta. Ubao ulikuwa wa mkaratusi. Kitanda kilijikunja mchana kikawa benchi. Nilipoiweka tela nyuma ya Kikere ikaonekana kama kifaranga amemzaa kuku.

"Fundi, si pana kuliko gari lenyewe hii?" aliuliza Bwana Temu, akiyaangalia magurudumu yalivyotokeza huku na huku.

"Pana kidogo, mkubwa. Lakini upana ndio utulivu. Kwenye mteremko tela nyembamba hulala ubavu."

"Na mimi nikilala?"

"Utajigeuza bila kuanguka."

Akacheka. "Basi iache."

Nadhani ndivyo tulivyosema. Yeye baadaye alikumbuka kwamba alinisihi nikate ekseli nami nikakataa. Siwezi kumwita mwongo, kwa sababu alikuwa mtu mkweli katika mambo yote niliyoweza kuyapima. Labda alinisihi. Labda masikio yangu yalikuwa na kiburi siku hiyo.

Asubuhi ya kuijaribu nilipanda kiti cha pembeni yake. Tukapita njia inayokatiza migombani, kulia shamba la Ta Byarugaba, kushoto la Ma Koku. Kwetu mtu mzima wa kiume huitwa Ta na wa kike Ma, hata kama hakukuzaa. Ma Koku alikuwa mjane. Mumewe alikuwa kaka wa huyo Byarugaba, na shamba lilikuwa moja kabla baba yao hajaligawa. Mpaka ulishikwa na miti miwili tu ya omuramura, ule mti wenye majani marefu tunaoupanda kusema hapa ni kwangu na pale ni kwako. Mmoja ulikuwa chini kabisa mwisho wa shamba, na mwingine juu, pale njia inapokunja kona. Kati yake ni mstari wa macho. Karibu na mstari huo Ma Koku alikuwa na safu ya mibuni aliyoachiwa na marehemu, na ndiyo iliyokuwa ikimpa chumvi, sabuni na sare za watoto. Ukiusogeza mti wa juu hatua chache tu, safu yote inabadili mwenyewe. Na uvumi ulikuwepo kwamba Byarugaba anaitamani. Mimi nilikuwa mmoja wa walioubeba uvumi huo. Ushahidi sikuwa nao.

Kikere kilikata kona vizuri sana. Nilipiga makofi, naona aibu kukwambia. Nyuma yetu tela nayo ilikunja, lakini chombo kinachokokotwa hakifuati nyayo za kinachokivuta, mwanangu. Hukata kona kwa ndani. Tulisikia kama kitambaa kinachochanika. Tulipokuja kusimama, omuramura ulikuwa umenasa kwenye kichwa cha ekseli, umeburutwa na mizizi yake myekundu-myekundu hewani, na gurudumu lilikuwa limelisaga shimo pamoja na udongo laini mpaka huwezi kusema lilikuwa wapi.

Ma Koku alitoka na kisu cha ndizi mkononi. Byarugaba alitoka upande wake anajifunga msuli.

Hapo ndipo mambo yalipochanganyika kabisa. Bwana Temu aliruka chini, akachuma jani moja la mti ule, akalipiga fundo, akapiga goti mbele ya Ma Koku na kumpa kwa mikono miwili. Ma Koku alilipokea kwa sababu kwetu kitu kikiletwa kwa mikono miwili hukikatai. Akalitazama, akanitazama mimi.

"Nifanye nini nalo?" aliuliza.

"Eee!" Byarugaba akapiga kelele. "Mmeona? Ameng'oa mpaka, sasa anamkabidhi mkononi! Mmepanga! Fundi, na wewe umo!"

"Ta, hatukupanga kitu, shikamoo," nilisema, salamu ikitoka mwisho kama mkia.

"Shikamoo yako kaa nayo!"

Bwana Temu bado alikuwa amepiga goti, haelewi kwa nini anafokewa. Kwao Moshi, alikuja kunieleza, jani la mti huo likifungwa fundo ni ombi la msamaha, na anayeletewa hawezi kukataa. Kwetu ni mpaka. Ukiung'oa na kumpa mtu, wenye macho wanasema umempa ardhi. Mti ni ule ule. Nani alikosa? Nimelifikiria swali hili miaka mingi na bado nazunguka nalo kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi.

Wakamwita Ta Katunzi, mzee aliyekuwa akisuluhisha mipaka. Alikuja polepole na fimbo yake, akaisikiliza kelele yote bila kukatiza, kisha akanigeukia. "Wewe ulikuwa kwenye gari. Mti ulisimama wapi?"

Wote wakanitazama. Ma Koku alisema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, sema ulichokiona." Byarugaba akasema, "Sema, wewe uliyeketi kama bwana harusi."

Nikwambie kilichokuwa moyoni. Nilimwonea huruma Ma Koku. Ningeweza kunyoosha kidole ndani kidogo ya shamba la Byarugaba, mjane akapona kabisa na hofu yake, na nani angenipinga? Mkono ulikuwa umeanza kunyanyuka. Halafu nikakumbuka kwamba huyo huyo Byarugaba aliwahi kutia bega lake kwenye engozi, machela yetu ya fito, siku mama yangu alipopelekwa kwa waganga akiwa hajitambui. Mkono ukashuka. Sikujua tena nimtetee nani.

"Sijui, Ta," nikasema. "Nilikuwa natazama mbele."

Watu wakaguna. Ta Katunzi hakuguna. Alinitazama mpaka nikatamani ardhi ifunguke.

"Umetengeneza kitu cha kufuata nyuma," alisema, "ukakifunga, ukaondoka nacho, na hukugeuka hata mara moja kuona kinafuataje?"

"Sikugeuka."

"Basi kaa chini. Asiyejua akinyamaza ametusaidia."

Mpaka leo sijui kama alinikemea au alinisifu. Labda yote mawili. Nilikaa chini pale pale kwenye majani ya migomba.

Kisha akawaambia wale wawili, "Kila mmoja asimame pale anapoamini mti wa marehemu ulisimama. Ma Koku, tangulia."

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na sisi sote tulingoja kuona nani atavuta zaidi. Ma Koku alitembea, akainama kutazama udongo uliosagwa, akasogea, akarudi, akasogea tena. Jani la Bwana Temu bado alikuwa amelishika. Mwisho akasimama. Tukatazama kutoka miguu yake mpaka ule mti wa chini. Mstari ulipita upande wa pili wa mibuni. Pale aliposimama, safu yote ilikuwa ya Byarugaba.

"Una hakika?" aliuliza Ta Katunzi.

"Nina hakika."

Hakuwa na hakika, mwanangu. Alikuwa amechanganyikiwa kama mimi, kelele zimemwingia kichwani, na alama zote za pale zilikuwa zimefutwa na magurudumu yangu. Lakini alikuwa amesema mbele ya watu. Neno likishatoka ni kama maziwa yaliyomwagika.

"Na wewe, Byarugaba?"

Alichotakiwa kusema ni kwamba shemeji amesema kweli. Maneno mafupi tu na shauri limekwisha, hakuna atakayemlaumu. Aliitazama ile mibuni. Alijikuna shingo. Mimi nikajisemea moyoni, haya, fisi amekabidhiwa bucha.

"Shemeji," alisema, "toka hapo."

"Sitoki. Ndipo penyewe."

"Nakwambia toka! Hapo uko ndani ya kahawa ya kaka." Akatembea kwa hasira, akampita, akaenda kusimama karibu zaidi na shamba lake mwenyewe. "Ulikuwa hapa. Yeye alichimba, mimi nilishika mche. Baba alikuwa amesimama pale anatukemea kwamba tumeupinda."

"Unanidanganya wewe," alisema Ma Koku.

"Nikudanganye ili nikupe kahawa? Akili zako ziko wapi, mwanamke?"

Mtu mmoja akacheka, halafu wote, halafu Ma Koku mwenyewe akafunika uso kwa khanga, na nikaona mabega yanatikisika, na sikuweza kujua kama ni kicheko au kilio.

Wakaupanda mti wao wawili, Ma Koku ameshika shina, shemeji yake anafukia. Mimi na Bwana Temu tulikatazwa hata kugusa udongo, maana aliyeng'oa mpaka hapandi mpaka.

Kwa nini Byarugaba alisema vile? Bwana Temu aliamini mpaka kufa kwake kwamba ni lile jani, limefanya kazi yake hata ugenini. Ta Katunzi aliniambia ni kwa sababu mtu akiachiwa nafasi ya kusema mwenyewe, hupata haya ya kusema uongo. Mke wangu anasema ni macho ya watu. Mimi sijui. Najua tu kwamba yule niliyemdhania mwizi alikuwa ndiye peke yake pale aliyejua ukweli, na kwamba mimi mwenye huruma nilibakiza kidogo tu nimwibie kwa kidole. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nilitaka kuingia katikati na kalamu ya shahidi.

Tela niliirudisha kibandani, nikakata ekseli pande zote mbili, nikaipeleka Kayanga ikachomelewa upya. Kitanda kikawa chembamba. Bwana Temu alilala humo huko vilimani kwa miaka, na alianguka kama mara mbili, alivyosema yeye, na hakunilaumu.

Sasa nasaha ndiyo hii, mwanangu, na usiichukue kama sheria, ichukue kama ushauri wa mtu aliyewahi kukosea kipimo. Usipime njia kwa mabega yako. Ipime kwa upana wa kile unachokikokota, uwe umekokota mali, au watoto, au elimu uliyotoka nayo mbali, au hasira ya ukoo wako. Wewe utapita kona vizuri na utapiga makofi. Kinachokufuata hakitapita unapopita, nacho kinaweza kung'oa mpaka wa mtu ambaye hata humjui jina. Kwa hiyo geuka utazame. Na siku ukiitwa kusema jambo usilolijua, sema sijui, hata kama huruma inakusukuma mkono. Huruma ni kitu kizuri, lakini huruma isiyojua ni kipofu mwenye panga. Wala usimhukumu mtu kwa uvumi, kwa maana unaweza kuwa unamhukumu mtu pekee anayekumbuka mche ulishikwa na nani.

Kama nimekosea popote katika kusimulia, wa Kanoni watanisahihisha, nami nitashukuru. Nenda sasa. Mola akupe njia inayokutosha wewe na vyote vilivyo nyuma yako, na kokote utakakopita, majirani wakuone ukirudi wafurahi.