Kiti cha Pili

Utaratibu wetu ulikuwa maneno kwanza, picha baadaye. Wachoraji wengine wa katuni niliowafahamu walifanya kinyume. Walichora watu wakajaza ukurasa, halafu maneno wakayabana pembeni kama wageni waliokuja bila taarifa. Mwalimu alikataa jambo hilo tangu siku ya kwanza. "Mie nikimaliza kuwasemesha, wewe ndiyo uwachore," aliniambia. "Mtu akiwa na la kusema, utaijua na sura yake."

Hakuwa mwalimu wangu. Alifundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi upande wa Manzese, nami nilikuwa nachora mabango ya maduka na saluni kwenye karakana kando ya Barabara ya Morogoro. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa mlango, mwanzoni mwa tisini, na kila aliyefungua kibanda alitaka bango. Mwalimu alikuja kuomba mabaki ya rangi ili achore ramani ukutani darasani kwake. Akanikuta nachora katuni nyuma ya kipande cha boksi. Akaisoma yote amesimama.

"Picha zina uhai, kaka yangu. Ila watu wako wanaongea kama taarifa ya habari."

"Basi wafundishe wewe kuongea, Mwalimu."

"Nipe hiyo kalamu."

Hivyo ndivyo alivyozaliwa mama wetu muuza vitumbua, mwanamke mnene mwenye jibu kwa kila mtu. Katika ukurasa wa kwanza, bwana mmoja aliyevaa tai anamwambia, "Mama, vitumbua vyako vina mafuta mengi." Naye, bila kugeuka, anajibu, "Hata hiyo tai yako ina mafuta tangu juzi, mbona umeivaa tena?" Kuchora mgongo wa yule mama nilijua. Jibu lile nisingelipata hata kwa miaka kumi.

Baadaye tukasikia kuwa wachoraji wa katuni wataonyesha na kuuza kazi zao Jumapili moja kwenye ukumbi huko Kinondoni, kila mmoja na meza yake. Nilikwenda kujiandikisha. Karani akaniuliza nitahitaji viti vingapi. Nikasema viwili, na nilimaanisha. Sikuwahi kumwambia Mwalimu lolote la moyoni. Nilidhani tukikaa pamoja kutwa nzima nyuma ya meza ile, watu wakituona, kitabu chetu kiko mbele yetu, mengine yote yatakuwa yamekwisha kusemwa.

Tulifanya kazi kwa wiki tatu, jioni baada ya vipindi vyake, katika chumba cha nyuma cha kanisa alilosali, ambako walituruhusu kutumia mashine ya kudurufu. Ulichora juu ya karatasi ya stensili yenye nta kwa kalamu ya chuma, ukiikwaruza polepole isichanike. Ukikosea, ulipaka dawa nyekundu iliyofanana na rangi ya kucha, ukapuliza ikauka, ukachora upya. Kichupa cha dawa kilikaa upande wake kwa sababu mimi ndiye niliyekosea mara nyingi. Alikuwa akinipulizia stensili huku amezuia kitambaa chake cha kichwa kwa mkono kisiguse ile dawa mbichi. Leo nikivuta harufu ya rangi ya kucha dukani, nasimama.

Jalada nililichora peke yangu, kwenye stensili yake, karakanani. Tulikuwa tumekubaliana chini yake paandikwe majina yote mawili, la mwenye maneno na la mwenye picha. Wenzangu wakachungulia.

"Braza, majina mawili kama kadi ya harusi! Mahari umepeleka lini?"

"Mwache," akadakia mwingine. "Wakisoma mle ndani watajua mwalimu ndiye mwenye akili. Huyu kibarua tu wa kupaka."

La kwanza lilinichekesha. La pili lilinichoma, na ndilo nililolitii. Niliandika jina langu peke yake, kubwa, kwa herufi zile zile nilizotumia kwenye mabango ya saluni. Hakuna aliyenishika mkono kunilazimisha.

Jumamosi mchana tulikuwa tukipanga kurasa. Unazunguka meza, unaokota ukurasa mmoja kila rundo, mwisho unaweka jalada na kubana kwa pini. Alipolifikia jalada alisimama. Akaliangalia, akaligeuza nyuma kana kwamba jina lake lingekuwa huko. Kisha akachukua kile kichupa.

"Dawa ipo, na hapa chini pana nafasi," alisema.

"Majalada yameshatoka yote, Mwalimu."

"Yote?"

"Yote. Halafu nilikuwa nakukinga na maneno ya watu. Toleo lijalo tutaliweka."

Majalada yaliyokuwa yametoka hayakufika kumi. Karatasi tupu zilikuwa mezani, kati yake na mimi, na aliziona. Akakifunga kichupa. Nikadurufu majalada yaliyobaki, naye akaendelea kuzunguka meza mpaka kitabu cha mwisho, akanawa wino mikononi, akauliza, "Kesho saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Haya."

Saa mbili hakuja. Hata saa nne kiti chake kilikuwa kitupu, na nilimkatalia mtu wa meza ya jirani aliyetaka kukiazima. Wateja walikuwepo. Mama mmoja mtu mzima, mwenye miwani, alisoma habari ya tai akacheka mpaka akashika meza. Akawaita wenzake, akawasomea kwa sauti.

"Mwanangu, maneno haya umeyatoa wapi?"

Kulikuwa na watu labda sita, wote wananitazama mimi. Nikasema, "Kichwani mwangu, mama. Kazi yote ni yangu."

Nilipoinua macho, Mwalimu alikuwa nyuma yao. Alikuwa amebeba chupa ya chai na bakuli lenye mfuniko, mikono yote miwili imejaa. Alimwamkia yule mama shikamoo, akapita, akaviweka vitu vile mezani mbele yangu.

"Kula, kaka. Usishinde na njaa."

Hakukigusa kile kiti. Alipotoka sikumfuata, kwa sababu yule mama alikuwa bado anaulizia nakala ya dada yake. Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine nzuri zaidi. Ndani ya bakuli mlikuwa na vitumbua.

Toleo la pili nilianza kwa picha. Kurasa nane, viputo vyote vya maneno vitupu. Nikazipeleka Kigamboni, alikokuwa amehamishiwa. Alinipokea vizuri mbele ya ofisi ya walimu, akazitazama zote, akasifu mikono ya mama muuza vitumbua. Kisha akanirudishia na kusema wanafunzi wanamngoja.

Kurasa hizo ninazo mpaka leo. Mara kadhaa nimechukua kalamu nikajaribu, na yule mama wa vitumbua hafungui mdomo. Na hapa nilipoandika habari hizi, nilitamani kuliweka jina lake lote, kwa herufi kubwa, palipostahili tangu mwanzo. Lakini jina la mtu huliandiki bila ruhusa yake. Ruhusa hiyo nilikuwa nayo Jumamosi ile, ameshika kichupa, ananionyesha nafasi.